Je, Ni Gari Lile Lile?

Mwaka 2014, katika banda moja karibu na mji wa Luckenwalde, kusini mwa Berlin, yalionekana magari mawili ya kale yaliyokuwa yamelala katika vumbi kwa miaka mingi. Moja lilikuwa la rangi ya dhahabu, nalo halikuwa na ajabu kubwa. La pili lilikuwa jekundu, au lilipata kuwa jekundu, kwani kutu ilikuwa imelitafuna mno na madigadi yake yote mawili ya mbele hayakuwapo. Watayarishaji wa kipindi cha televisheni cha vitu vya kale ndio waliolipigia simu jumba la makumbusho la kampuni ya Porsche huko Stuttgart. Kilicholipa gari hilo thamani hakikuwa umbo lake, maana umbo lilikuwa nusu, wala injini yake. Ilikuwa ni namba iliyogongwa katika chuma: 300 057. Maana yake ni kwamba hilo lilikuwa gari la hamsini na saba katika ukoo wa gari liitwalo Porsche 911, lililoundwa Oktoba 1964, wakati ambapo ukoo huo ulikuwa bado unaitwa 901.

Jumba la makumbusho lililinunua kwa euro 107,000. Mafundi wakalifanyia kazi miaka mitatu, wakakata mabati yaliyooza, wakachomelea mengine yaliyotolewa katika gari jingine la zama zile, wakalipaka rangi, na mwezi wa Desemba 2017 likawekwa mbele ya watu, jekundu na lenye kung'ara. Watazamaji wakaambiwa kwamba hili ndilo gari kongwe kabisa la aina ya 911 lililomo katika jumba hilo.

Hapo ndipo linapozuka swali lililo kongwe kuliko magari yote. Plutarch aliwasimulia Wagiriki habari za merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kuutoa kila ubao uliooza na kutia mwingine mahali pake, hata wanafalsafa wakawa wanaumana juu yake: hawa wakisema ni merikebu ile ile, na wale wakisema siyo. Mtu wa visiwani hana haja ya kwenda Athens kulitafuta swali hilo. Nahodha ambaye jahazi lake limebadilishwa mbao za ubavuni, kisha mataruma, kisha mlingoti, na mwishowe mkuku wenyewe, bado husema kwamba chombo hicho alikijenga babu yake. Hasemi uongo, wala hasemi ukweli mtupu. Thomas Hobbes, katika karne ya 17, aliongeza ukali wa swali hilo kwa kumtia mtu wa tatu: aliyeziokota zile mbao kuukuu moja moja, akaziunganisha upya kwa mpangilio ule ule wa zamani. Sasa merikebu ni mbili, na kila moja inadai kuwa ndiyo.

Lakini gari la Luckenwalde ni fumbo jepesi likilinganishwa na fumbo la ukoo wake. Gari moja angalau lina namba yake, na sheria hutosheka na namba. Ukoo mzima una nini? Tarehe 11 Mei 2017 kiwanda cha Zuffenhausen kilitoa gari la 911 la milioni moja, la rangi ya kijani, ambalo kampuni ililibakiza mikononi mwake. Kati ya gari hilo na lile la mwaka 1964 ni shida kupata hata kipande kimoja cha maana kinachoweza kufunguliwa katika moja na kufungwa katika jingine. Hata hivyo watu wenye akili zao, wahandisi, wanunuzi, na mahakimu wa maonyesho ya magari, husema bila ya kusitasita kwamba ni gari moja lililokua. Huenda wanasema kweli. Lakini neno hilo lina gharama, na wengi walisemao hawajaiuliza.

Gari hili lilizaliwa kuwa badala ya jingine. Kampuni ya Porsche ilianza kuunda magari yenye jina lake mwaka 1948 katika kijiji cha Gmünd nchini Austria, na gari hilo la awali, la 356, liliendelea kuundwa hadi mwaka 1965. Mrithi wake alionyeshwa Frankfurt mwezi wa Septemba 1963. Umbo lake linanasibishwa na Ferdinand Alexander Porsche, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 28, mjukuu wa mwasisi na mtoto wa Ferry Porsche. Injini ilikuwa ya lita mbili, yenye silinda sita zilizolala ubavu, tatu kushoto na tatu kulia, ikipozwa kwa hewa badala ya maji, na nguvu zake zilikuwa za farasi 130. Jina lilikuwa 901. Kampuni ya Peugeot ikateta kwamba nchini Ufaransa majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni haki yake, nayo Porsche, baada ya kwisha kuunda magari 82 ya jina lile, ikaing'oa sifuri na kutia moja. Basi hata jina, ambalo leo mashabiki hulitamka kana kwamba liliteremka kutoka juu, lilipatikana kwa kushindwa katika madai. (Peugeot haikutosheka na sifuri. Katika mashindano ya Safari Rally, ambayo 911 ililitamani kombe lake kwa muda mrefu na kuishia nafasi ya pili mwaka 1972, na tena mwaka 1974, ni Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas iliyoiacha tena nafasi ya pili mwaka 1978, safari hiyo ikiwa mikononi mwa Vic Preston Mdogo.)

Kitu kilicholitofautisha gari hili na karibu magari yote mengine ya mbio ni mahali ilipowekwa injini. Haikuwa mbele, wala haikuwa katikati; iliwekwa nyuma kabisa, ng'ambo ya ekseli ya nyuma, ikining'inia kama mzigo uliofungwa mkiani mwa baiskeli. Faida zipo: matairi ya nyuma hulemewa na uzito, kwa hiyo hushika barabara vizuri gari linapoondoka, na ndani hupatikana nafasi ya viti viwili vidogo vya watoto. Ila hasara yake ni ya kutisha. Dereva anapoingia kwenye kona kwa kasi, kisha akaogopa na kuuondoa mguu ghafla kwenye kanyagio la mafuta, uzito huhamia mbele, matairi ya nyuma hulegea, na ule mzigo wa mkiani huendelea na safari yake kwa mujibu wa kanuni za maumbile. Mkia hulipita kichwa. Yaani gari humwadhibu mtu kwa kufanya kile ambacho silika ya kila mwoga humwamuru akifanye. Toleo la Turbo, lililotoka mwaka 1974 na nguvu za farasi 260, lilipata lakabu ya mfanya wajane, na lakabu hiyo haikuwa mzaha mtupu.

Wahandisi waliujua ugonjwa huu tangu mwanzo. Mwanzoni walitia vipande vya chuma kizito ndani ya bampa ya mbele ili kusawazisha uzito, dawa ambayo hata mfanyabiashara wa sokoni anayeweka jiwe kwenye mizani angeitambua. Mwaka 1968 wakayasogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 kwenda nyuma zaidi, injini ikabaki pale pale. Baadaye matairi ya nyuma yakanenepa kuliko ya mbele, ikaja mikia ya kukandamiza hewa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 toleo linalosukumwa na magurudumu yote manne. Katika toleo la mwaka 1993 ekseli ya nyuma iliundwa upya kabisa, na lile la mwaka 2011 likarefushwa milimita 100 kati ya magurudumu. Karibu historia yote ya gari hili, kwa lugha ya fundi, ni historia ya kulitibu kosa moja bila ya kukubali kuliondoa.

Kwa nini injini iliwekwa pale tangu awali? Jibu halimo katika uwanja wa mbio. Gari la 356 liliundwa kwa vipande na mawazo ya Volkswagen, gari la bei nafuu ambalo Ferdinand Porsche, babu yake msanifu wa 911, alilibuni kwa agizo la serikali ya Hitler la mwaka 1934. Katika gari la bei nafuu, kuiweka injini nyuma ni busara: hakuna mtaimbo wa kupeleka nguvu kutoka mbele hadi nyuma, na injini inayopozwa kwa hewa haihitaji rejeta. Hata busara hiyo haikuwa ya Porsche peke yake. Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra huko Chekoslovakia alikuwa ameifuata njia hiyo, na katika miaka ya 1960 Volkswagen ilikubali kulipa fidia kwa ajili ya madai hayo. Kwa hiyo alama ile ambayo kwayo 911 hujulikana kuwa ni 911 ni urithi wa gari la watu wa chini, lililozaliwa katika zama za giza, na lenye mdai mlangoni.

Mwaka 1977 ilidhaniwa kwamba urithi huo umefikia mwisho. Mkuu wa kampuni wakati huo, Ernst Fuhrmann, hakuwa mgeni wala mpumbavu. Yeye ndiye aliyebuni mojawapo ya injini mashuhuri za Porsche za miaka ya 1950. Aliona kwamba General Motors ilikuwa imekwisha kuliacha Corvair, gari la injini nyuma ambalo Ralph Nader alilishutumu katika kitabu chake cha mwaka 1965. Aliona Volkswagen yenyewe ikihamia kwenye Golf, iliyo na injini mbele, mwaka 1974. Aliona sheria za Marekani za moshi, kelele na usalama zikizidi kubana. Akatoa gari jipya, la 928, lenye injini mbele ya silinda nane na inayopozwa kwa maji, gari lililotulia barabarani na kusamehe makosa ya dereva, ambalo mwaka 1978 lilichaguliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Kwa hoja za akili, Fuhrmann alikuwa sahihi. Hakuna haja ya kumfanya adui wa hadithi hii, kama wafanyavyo waandishi wengi wa magari.

Ila wanunuzi hawakuja kwa idadi iliyotarajiwa, na mwaka 1981 Fuhrmann alifuatwa na Peter Schutz. Schutz mwenyewe aliyasimulia mara nyingi yaliyotokea ofisini kwa mhandisi mkuu, Helmuth Bott. Ukutani palikuwa na chati yenye mistari ya uhai wa kila gari la kampuni. Mstari wa 928 uliendelea mbele, wa 944 hali kadhalika; wa 911 ulikoma mwishoni mwa 1981. Schutz akachukua kalamu, akauendeleza mstari ule hadi ukingoni mwa chati, akaupitisha ukutani, na kuutoa nje mlangoni. Masimulizi ya namna hii hung'arishwa kwa kusimuliwa, na pengine kalamu haikufika mlangoni. Lakini gari liliendelea, na 928 ndiyo iliyokoma, mwaka 1995.

Uamuzi huo ni wa kufikiriwa kuliko kushangiliwa. Je, ni uaminifu au ni ukaidi? Mtu anayeshikilia njia ya baba yake baada ya kuonyeshwa kwamba ina kasoro huitwa mwaminifu iwapo atafanikiwa, na huitwa mjinga iwapo atashindwa. Kitendo ni kile kile. Ikiwa mafanikio ndiyo yaliyoligeuza kosa kuwa fadhila, basi hapakuwa na fadhila yoyote, palikuwa na bahati. Utetezi bora ni mwingine. Waliobaki na injini ile nyuma hawakujidanganya kwamba si kosa. Walilikubali kuwa ni lao, wakalibeba, na kila kizazi cha wahandisi kikalipokea kutoka kwa kilichotangulia pamoja na wajibu wa kulijibia. Fuhrmann alitaka kulifuta swali. Bott na wenzake walikubali kuendelea kuulizwa.

Uvumilivu wa mashabiki kwa mabadiliko mengine ulikuwa mdogo zaidi. Toleo la mwaka 1989 lilisemwa na kampuni kuwa lina asilimia 85 ya vipande vipya, na kwa kuwa kwa nje halikutofautiana sana na la zamani, watu walilipokea kwa amani. Lakini mwaka 1997 lilikuja toleo liitwalo 996, na injini yake ilipozwa kwa maji. Sababu zilikuwa nzito. Kampuni ilikuwa imenusurika kufilisika miaka michache kabla. Wendelin Wiedeking alikuwa amewaalika wataalamu wa Kijapani kuwafunza Wajerumani namna ya kupanga kiwanda. Na injini ya hewa isingeweza tena kutimiza sheria za moshi na kelele. Ili kuokoa fedha, gari liligawana sehemu yote ya mbele na gari jingine la bei ya chini, la Boxster, na taa zake za mbele, zilizoacha kuwa duara, zikafananishwa na yai la kukaanga. Hapo waumini walipiga kelele kwamba gari lao limekufa. Taa za duara zilirudishwa mwaka 2004, kelele zikapungua. Maji yalibaki palepale, na leo ni wachache wanaoyalalamikia. Lina mafunzo jambo hili kuhusu binadamu: walisamehe kubadilishwa kwa moyo, hawakusamehe kubadilishwa kwa macho.

Je, basi, ukoo huu unaunganishwa na nini? Haiwezi kuwa ni mada, kwa maana ya chuma chenyewe. Chuma kilikwisha kubadilika chote. Umbo nalo halitoshi. Huko California, tangu mwaka 2009, iko kampuni ya Singer inayochukua magari ya 911 ya miaka ya 1990, kuyavua mabati yake na kuyavisha umbo linalofanana na la miaka ya 1960, kwa ustadi mkubwa na kwa bei inayopita kiasi. Mwenye kuyatazama huona gari la kale kuliko gari la kale lenyewe. Lakini ni kumbukumbu iliyotengenezwa, mfano wa mzee aliyepakwa hina ili afanane na picha yake ya harusi. Jina pia halitoshi. Mwaka 1998 gari liitwalo 911 GT1 lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans likiwa na injini katikati, na halikuwa na udugu wa kweli na yale ya barabarani isipokuwa kwa hati. Hatimaye mwaka 2016 kampuni yenyewe iliunda gari la mbio la 911 RSR na kuisogeza injini mbele ya ekseli ya nyuma. Kosa lililotunzwa kwa zaidi ya nusu karne liliondolewa kimyakimya pale ambapo sekunde zilihesabiwa, likabakizwa kwenye magari ya wateja. Mwenye kusema kwamba injini ya nyuma ndiyo roho ya 911 hana budi kulijibu hilo. Na mwaka 2024 lilitoka toleo linalochanganya petroli na umeme. Ufunguo ukawa kitufe, ingawa kiliwekwa kushoto kwa usukani, kwa heshima ya desturi.

John Locke, alipoandika juu ya utambulisho wa mtu mwishoni mwa karne ya 17, alitoa rai inayofaa kukumbukwa hapa. Kwake yeye, neno mtu, kwa maana ya yule yule wa jana na leo, ni neno la mahakamani. Hutumika ili ijulikane nani wa kujibu kwa kitendo kipi. Hakimu hajali kama mshitakiwa amenenepa au amepoteza nywele. Anachouliza ni kama huyu ndiye wa kujibu. Rai hiyo ikihamishwa kutoka kwa mtu hadi kwenye ukoo wa kazi za mikono, jambo linakuwa wazi zaidi. Gari la mwaka 2024 ni lile la mwaka 1964 kwa sababu wapo watu wanaosema, juu ya lile la 1964: hilo ni letu, kasoro zake tunazijibu, sifa zake tunazidai. Uendelevu haumo katika bati. Umo katika kukubali kuwajibika.

Na hapo ndipo gharama ya neno hilo inapodai kulipwa.

Kampuni ya usanifu ya Porsche ilisajiliwa Stuttgart mwaka 1931, na waasisi wake walikuwa watatu. Ferdinand Porsche alikuwa na asilimia 80, mkwewe Anton Piëch asilimia 10, na asilimia 10 nyingine ilikuwa ya Adolf Rosenberger, mwenyeji wa Pforzheim, dereva mashuhuri wa mbio za magari na mtu aliyeitafutia kampuni fedha katika miaka ambayo wateja walikuwa wa kuhesabika. Rosenberger alikuwa Myahudi. Mapema mwaka 1933 aliacha usimamizi. Mwaka 1935 hisa yake ilichukuliwa na Ferry Porsche kwa thamani iliyoandikwa kwenye hati, bila ya kuzingatia thamani iliyokuwa imejijenga. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo alikamatwa kwa mashitaka ya sheria za ubaguzi, akatiwa katika kambi ya Kislau, akatoka, akaihama nchi, na hatimaye akafika Marekani. Ferdinand Porsche alijiunga na chama cha Hitler mwaka 1937. Wakati wa vita kiwanda cha Volkswagen, ambacho yeye alikuwa mmoja wa wakuu wake, kilitumia maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi waliolazimishwa, wakiwemo wafungwa wa kambi. Na katika karakana za Porsche pale Zuffenhausen walikuwapo mamia. Baada ya vita Rosenberger alidai haki yake. Shauri lilikwisha mwaka 1950 kwa suluhu: alipata marki 50,000 na gari moja la Volkswagen. Hakurudi kuwa mwanahisa. Alifariki California mwaka 1967, wakati 911 lilikuwa na umri wa miaka mitatu barabarani.

Itasemwa kwamba haya hayahusiani na gari. Bati halina dhambi. Aliyelichora umbo la 911 alikuwa mtoto wa miaka mitatu mwaka 1938. Wafanyakazi wa leo hawakuzaliwa. Hoja hiyo ni sahihi kuhusu hatia. Hatia haihami kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na mwenye kumtwika mwana hatia ya baba humdhulumu. Deni lakini si hatia. Watu wa pwani walio na mazoea ya kugawa mirathi wanaijua tofauti hiyo bila ya kuhitaji Locke: marehemu akiacha shamba na nyumba, hazigawiwi mpaka deni lake limetolewa kwanza, na mrithi hawezi kusema kwamba shamba ni lake ila deni ni la mzee. Akitaka kuliepuka deni, na aliache shamba. Anayetangaza kwamba gari lake lina umri wa miaka sitini, na akalipandisha bei kwa sababu ya miaka hiyo, amekwisha kukiri kwamba yeye ndiye mrithi. Isitoshe, urithi wenyewe si wa maneno matupu. Mkataba wa mwaka 1948 uliipatia Porsche malipo kwa kila Volkswagen iliyotoka kiwandani, na fedha hizo zilisaidia kuijenga kampuni iliyokuja kuunda 911.

Kwa muda mrefu historia iliyosimuliwa na kampuni ilianza pale Gmünd, mwaka 1948, milimani, kwa baba na mwana na karakana ya mbao. Ni mwanzo mzuri na safi. Kosa lake ni kwamba unaikata merikebu katikati na kudai kuwa nusu ya mbele haikuwa na nyuma. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya mwanahistoria Wolfram Pyta wa Chuo Kikuu cha Stuttgart pamoja na wenzake, iliyotokana na utafiti ulioagizwa na kampuni yenyewe, na miaka ile, pamoja na habari za Rosenberger, ikaelezwa kwa urefu. Lawama kwamba ilichelewa ni ya haki. Hata hivyo ipo tofauti kati ya mdaiwa anayechelewa na mdaiwa anayekana, na aliyefariki California mwaka 1967 hakuishi kuiona hata hiyo tofauti.

Liko jambo moja zaidi ambalo wasimulizi wa ule mkasa wa chati na kalamu hawalitaji sana. Peter Schutz, aliyeuokoa mstari wa 911, alizaliwa Berlin mwaka 1930 katika familia ya Kiyahudi, na utotoni alikimbizwa na wazazi wake hadi Marekani kuwakimbia watu wale wale waliomfukuza Rosenberger. Kishawishi cha kuligeuza hili kuwa fumbo la faraja ni kikubwa: kwamba kilichonyang'anywa kwa mmoja kiliokolewa na mwingine, na hesabu ikawa sawa. Haikuwa sawa. Schutz hakuwa Rosenberger, wala hakutumwa na yeyote kuisamehe familia ya Porsche. Alikuwa mhandisi aliyeajiriwa, aliyeona wafanyakazi waliovunjika moyo na gari lililokuwa bado na uhai, akatenda alivyoona vyema, na mwaka 1987 akaondoka. Alifariki mwaka 2017, mwaka ule ule wa gari la milioni, wa kitabu cha Pyta, na wa kutolewa hadharani kwa lile gari jekundu la Luckenwalde.

Gari hilo halikujengwa upya kwa kuficha. Kilichoweza kuokolewa katika chuma chake kiliokolewa; kilichokosekana kilitafutwa katika bodi nyingine ya miaka ile. Namba 300 057 ni yake yenyewe. Madigadi ya mbele si yake, na jumba la makumbusho, kwa kadiri ya habari lilizozitoa, halikusema kuwa ni yake.